Meno Kwenye Kichwa cha Gitaa

Jumapili, 2 Machi

Shikamoo Babu,

Natumai hujambo, kifua kimetulia, na Bibi bado anakuficha sigara. Mimi mzima, ila masikio.

Nilipanda ndege na mafua. Ilipoanza kushuka, nikahisi kama napigiliwa msumari sikio la kushoto. Tukatua, sauti zote zikaenda mbali, kama nimezamishwa kwenye pipa. La kulia limefunguka kidogo. La kushoto kimya. Jana jukwaani nilikaza nyuzi nikaona ziko sawa. Mpiga besi akanikata jicho. Wimbo mzima gitaa langu lilikuwa nje ya sauti ya wenzangu, na sikujua mpaka niliposoma nyuso zao.

Imebaki miji minne, yote kwa ndege. Kiongozi wa bendi sijamwambia. Naogopa kulala, nisije nikaamka na la kulia nalo limefunga.

Gitaa ulilonichongea liko salama. Nililegeza nyuzi kabla ya safari, kama ulivyonifundisha.

Mjukuu wako,
Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

Marahaba Chiriku,

Huku hatujambo. Sigara nimezipata, zilikuwa kwenye kopo la chumvi. Wewe ulipozaliwa ulilia mpaka mkunga akaziba masikio kwa pamba. Sasa zamu yako, usilalamike.

Sikiliza kwa meno. Unayakumbuka yale makovu kwenye kichwa cha gitaa, uliyosema ni ya panya? Panya ni mimi. Karakana yetu ya magitaa msumeno haukuzimwa kutwa nzima, na tajiri hakutaka tutoke nje kupima sauti. Basi tuling'ata. Uma ubao, piga uzi, sauti inapita kwenye mfupa, inaingia ndani bila kubisha hodi. Weka meno palepale pangu. Ukiona aibu, sema unalibusu.

Ila nenda kwa daktari. Meno si sikio.

Babu yako,
Panya

Jumatano, 5 Machi

Shikamoo Babu Panya,

Bibi hajambo? Niling'ata. Sauti ikaja mpaka kwenye paji la uso. Watu wakadhani ni madoido, wakapiga makofi, hata kiongozi akacheka.

Hakucheka nilipotoka kwa daktari. Ngoma ya sikio imevimba. Nikiruka tena wiki hii inaweza kuchanika, na daktari hakuniahidi kama nitasikia tena vizuri. Ndege ni kesho asubuhi. Kiongozi kasema, "Dada, tiketi haijui mafua. Usipopanda, mpiga gitaa mwingine yupo kulekule tuendako." Nafasi hii nimeingoja tangu nilipokuwa napiga nyuzi za katani kwenye kiti cha jikoni. Nafungasha begi, nalifungua, nafungasha tena. Niambie, Babu.

Chiriku wako

Jumatano, jioni

Usipande.

Leo utani umeniishia. Kila ndege ikipita juu ya bati letu huwa naitukana, Bibi yako anacheka, hajui kuwa ndiyo dua yangu. Gitaa likipasuka nitaliunga kwa gundi. Ngoma ya sikio lako sina mbao yake. Waache waende. Nijibu.

Babu

Alhamisi, 6 Machi

Chiriku, hujambo huko?

Simu yako imezimwa. Kwenye ndege simu huzimwa, hilo najua hata mimi wa darasa la tatu. Umepanda? Bibi yako ananiuliza mbona nimesimama na simu mkononi kama mlinzi wa benki. Nimemwambia nasubiri bei ya mbao. Nijibu, hata kama ni kwa tusi.

Babu

Jumamosi, 8 Machi

Shikamoo Babu,

Nisamehe. Sikupanda. Nilizima simu kwa sababu kiongozi alikuwa anapiga, na kama ningepokea, ningekwenda.

Mwishowe alikuja mwenyewe, akaniomba niwaachie gitaa, kwamba nyimbo zetu zimezoea sauti yake. Nikampa mlangoni huku nalia. Babu, sikulegeza nyuzi. Safari zote nimelegeza, hii nikasahau. Huko kwenye mizigo ubao ulikauka na kupigwa na baridi, nyuzi zikiuvuta. Wamenitumia picha: shingo imekatika, chini kidogo ya meno yako.

La kushoto bado kimya. Sina gitaa, bendi wamempata mwingine, na sijui kama nina sikio. Kesho nakuja kwa basi. Naogopa hata kuingia hapo nyumbani.

Mjukuu wako

Jumapili, 9 Machi

Marahaba, tena marahaba, na ya siku zote ulizonitesa.

Hatujambo. Bibi yako amelia, halafu akanipa sigara mwenyewe, kwa hiyo na yeye alikuwa anajua kuwa sikuwa nasubiri bei ya mbao. Vipande wavirudishe. Shingo nitachonga nyingine, na meno niliyobakiwa nayo yanatosha kuipima.

Ukishuka stendi usinitafute kwa macho. Nitakuwa nyuma yako, upande wa kushoto. Nitaita "Chiriku" kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba kiberiti kwa siri. Usigeuke ili kunifurahisha, uongo wako naujua tangu hujaota meno. Geuka ukisikia.

Usipogeuka, nitangoja kidogo, halafu nitaita tena.

Babu yako