Popo Watano wa Mama

Konde, 14 Machi 1997

Kaka Qais,

Assalaam alaykum. Msiba najua umekufikia huko Mombasa, sitaurudia. Nakuandikia usiyoambiwa.

Daktari wa Kichina aliyekuwa akimtibu mama alikuja kumtazama nyumbani, akaliona uvunguni lile bakuli la bibi lililochorwa popo watano. Miaka yote tulilificha, tukiona popo ni nuksi. Yeye akatabasamu.

"Kwetu popo ni heri. Hawa ni heri tano: umri mrefu, mali, afya, tabia njema."

"Na ya tano?" mama akauliza.

"Kufa kwa amani, uzeeni."

Mama akasema, "Hiyo nitaipata wapi, nao hawasemezani?"

Alikusudia wewe na mume wangu Nasor. Tangu uchaguzi, kila mmoja na chama chake, hata salamu hampeani.

Jumanne tulipomzika, mwanawe wa kiume hakuwepo. Nasor ndiye aliyeshuka kaburini akampokea. Aliporudi alikaa barazani na udongo mikononi, akaniuliza, "Qais atanisamehe kwa kushika nafasi yake?"

Nimechoka kuwajibia, kaka. Huyu mjibu mwenyewe.

Dada yako,
Abeer