Jina Lililofutwa Kwenye Ukuta wa Ghala

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, chumba cha upelelezi, Alhamisi tarehe 19, saa nne asubuhi.

Wamesema watamkata binti yangu mkono. Andika hilo kwanza, afande, salamu na jina langu vitafuata. Mkono wa kulia, ule anaoandikia.

Shahidi ni mwanamke, umri miaka 52, fundi cherehani, mkazi wa barabara inayotazamana na ghala la zamani. Mtaani anaitwa Mama Rangi. Jina lake kamili limewekwa kwenye jalada lingine kwa usalama wake.

Naitwa Mama Rangi kwa sababu ya binti yangu, na jina hilo sijawahi kulikataa. Binti yangu ni mchoraji wa mabango. Bango la duka la dawa ni lake, la kinyozi ni lake, na maandishi ya geti la shule ya msingi ni yake, herufi zimenyooka utafikiri zimepigwa rula, na rula hana. Mwalimu mkuu mwenyewe alitoka nje akasimama kuzitazama. Mimi niliishia darasa la saba, lakini yule nimemsomesha kwa cherehani hii hii mpaka akapata cheti cha uchoraji, na cheti nimekitundika dukani pale mteja anapokaa, ili asipate pa kutazama pengine. Afande ameniambia nirudi kwenye tukio. Narudi.

Mwanzoni mwa mwaka huu kamati ya mtaa wetu iliamua kufuta michoro ya genge. Hao sisi tunawaita wenye kona. Alama yao ni jicho lenye kope tatu. Wakishalichora kwenye ukuta wako, wateja wanaanza kupita upande wa pili wa barabara, mleta mikate anageuza baiskeli, na watoto wanaitwa ndani jua likiwa bado juu. Hakuna anayekuambia kitu. Jirani anasema tu, naona wamefika kwako, kwa sauti ile ya kumpa mtu pole ya msiba.

Binti yangu ndiye aliyechaguliwa kuongoza kazi ya kupaka. Wanaume walimtaka mwenye ngazi, kwa kuwa ngazi ni yake. Binti yangu akawauliza kama ngazi ndiyo itakayopaka. Watu wakacheka, akapita. Tangu hapo kila Jumamosi watu wanatoka na rangi zilizobaki majumbani, zinamiminwa kwenye pipa moja, inatoka rangi isiyo na jina, kijivu chenye ukijani, na hiyo ndiyo wanayopaka. Barabara mbili zilisafishika. Nilimweleza kila mteja kazi hiyo ni ya nani. Hata mtu aliyekuja kuuliza njia nilimweleza.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 walifika kwenye ukuta wa ghala. Mbele ya ukuta huo, mwaka jana, kijana wa genge aliyeitwa Wembe alichomwa kisu katika ugomvi na genge la upande wa pili, akafa pale pale. Wenzake waliandika WEMBE kwa rangi nyekundu, herufi zinazonizidi kimo. Watu walipaka macho yote ya kushoto na ya kulia, jina wakaliruka. Hakuna aliyesema waliruke, brashi zilisimama zenyewe. Mwenye ngazi akasema leo imetosha, akabeba ngazi yake.

Mimi nilikuwa dukani kwangu, ng'ambo ya barabara. Wengine walipoanza kuondoka, nilimwona binti yangu anaburuta meza, anapanda juu yake na kuanza kulifuta lile jina peke yake. Nyekundu ilikuwa inachomoza, akawa anarudia. Kinyozi alizima redio. Nikasikia brashi ikikwaruza. Nilivuka nikamshika pindo la shati.

"Mwanangu, hilo liache."

"Mama, niache nimalize."

Hakunitazama. Jioni nilimuuliza kwa nini. Alisema ukuta ni ukuta. Nikajua ananificha kitu, maana yule hajui kudanganya, huwa anavuta sikio.

Mnamo Jumatatu tarehe 16, saa tisa alasiri, nilikuwa dukani nashona sare za shule. Waliingia vijana watatu. Wawili walisimama mlangoni. Wa tatu ni yule wanayemwita Mjomba, ingawa sijaona mtu hata mmoja ambaye mamaye alitoka naye tumbo moja. Alinisalimia shikamoo, kwa adabu kabisa, akavua kofia. Alisema amenunua suruali, ndefu, anataka nimpunguzie. Aliivaa nyuma ya pazia akatoka, akasimama kwenye kile kiti kidogo ninachowasimamishia watoto.

Nilipiga magoti nikaanza kubana pindo. Pini nilikuwa nimezishika kwa midomo, kwa hiyo sikuweza kujibu, na nadhani alijua.

Alisema, "Mama, binti yako ana mkono mzuri."

Nikabana mguu wa kushoto.

"Jumamosi arudishe jina la ndugu yetu. Rangi ile ile, ukubwa ule ule. Asiporudisha, mkono huo hautaandika tena. Tunaelewana, mama?"

Niliitikia kwa kichwa. Alishuka, akabadilisha, akakunja suruali vizuri na kunipa kwa mikono miwili. Alisema ataifuata hiyo hiyo Jumamosi. Walipotoka niligundua pini moja ilikuwa imenichoma ndani ya mdomo na sikuwa nimesikia maumivu. Suruali ndiyo hii, afande, kwenye mfuko. Sijaitia sindano. Ichukue, sitaki kurudi nayo.

Nilifunga duka mapema. Nilimwambia binti yangu apange nguo zake aende kwa shangazi yake. Alikataa. Nikamwambia basi aliandike hilo jina, ni rangi tu. Alikataa pia, akasema ametoa ahadi kwa mtu, na hawezi kumtaja hata kwangu. Tulirushiana maneno ambayo siyasemi hapa. Tangu siku hiyo nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nje, nasimamisha cherehani. Jana nilishona mikono ya shati la mtoto nyuma mbele. Mimi, ambaye wakuu wa shule tatu wanagombania nafasi kwangu.

Jana, Jumatano tarehe 18, saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa uani uligongwa. Nilishika mkasi kwanza. Alikuwa mama yake Wembe. Anafua mashuka hospitalini, na alikuwa ndani ya sare yake ya kazi. Tangu mazishi hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu, mimi nikiwa naona aibu ya kuwa na mtoto aliye hai. Alikataa kuketi.

Alisema, "Mama mwenzangu, ni mimi niliyemtuma binti yako."

Alinieleza kwamba vijana wapya wakiingizwa kwenye genge, hupelekwa pale ukutani, wanaweka kiganja juu ya lile jina na kuapa. Yeye hupita hapo akienda zamu ya asubuhi. Amewaona, wengine bado wamevaa sare nilizoshona mimi. Alimwendea binti yangu kwa siri, akamwapisha asimtaje, kwa sababu ana mtoto mwingine mdogo nyumbani. Sasa amesikia habari ya mkono na hawezi kulala.

Nilimuuliza kama haoni uchungu jina la mwanawe kufutwa. 

"Mimi sikumzaa Wembe," alisema. "Wembe walimtengeneza wao. Wangu nilimpa jina lake, na hilo hawajawahi hata kuniuliza."

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya pazia, amesikia yote. Alitoka akamshika yule mama mabega. Yule mama alitaka kutoka muda huo huo aende kona akamwambie Mjomba kwamba mkosaji ni yeye. Tulimzuia wawili, na ana nguvu, mikono ya kufua ile. Nilimwambia kama ni kwenda mahali, twende kituoni, na twende sote.

Nisamehe, afande, nitasema kama lilivyo. Mtaani wanasema maneno ya hapa kituoni hufika kona kabla wino haujakauka. Usiku kucha nilikuwa naamua kuja, naamua kutokuja. (Hapa afisa alisimama, akafunga mlango na dirisha, kisha shahidi akaendelea.) Asante. Naogopa. Uandike hivyo hivyo, usiandike kwamba nina wasiwasi. Wasiwasi ninao mteja akichelewa kuchukua nguo. Hii ni hofu, nikimwona mwanangu ameshika hata kijiko natazama ule mkono.

Lakini hatutamhamisha, na wala hataandika Wembe. Jana jioni nilikwenda nyumba kwa nyumba. Mwenye ngazi aliniambia ngazi imevunjika, nami nikaiona nyuma yake imeegemea ukuta, nzima. Nikamwambia aje na hiyo iliyovunjika. Amekubali. Kinyozi amekubali. Mwalimu mkuu ameniomba nimpe siku ya kufikiri, na siku hiyo inaisha leo. Pale palipofutwa binti yangu ataandika jina ambalo yule mama alimpa mwanawe alipomzaa, na siku aliyozaliwa, herufi ndogo, za kusomwa na mtu aliyesogea karibu. Mama mwenyewe atasimama chini ameshika kopo la rangi, na Mjomba akiuliza, atajibiwa na yeye. Yule mama yuko hapo nje kwenye benchi, amekuja kutoa maelezo yake, na amekubali haya niyaseme.

Nimemaliza, na yote niliyosema niliyaona kwa macho yangu au niliyasikia kwa masikio yangu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Shahidi ameyasoma maelezo haya mwenyewe na kuyakubali bila kulazimishwa. Suruali imepokelewa na kuhifadhiwa kama kielelezo. Mama wa marehemu ameingia saa tano na nusu, naye anaandikwa na mimi mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Nimemwomba mkuu wa kituo askari wenye sare na gari. Hadi naandika haya sijapata jibu. Wakazi wote wametakiwa kufika ukutani, na Mjomba amesema atakuja. Mimi nitakuwepo, kwa gari au kwa miguu, Jumamosi tarehe 21, saa tatu asubuhi.