Sheria ya Masoko Matatu

Papa yangu mpendwa wa Muheto,

Nakusalimu kama unavyopenda, kwanza wewe, halafu ng'ombe. Goti linakusumbua bado ukipanda kilima? Yule mweusi ameshazaa? Nauliza kama mtu atakayejibiwa kesho, na nitaendelea kuuliza hata Kaka Bahati akikasirika.

Mimi ni mzima wa mwili hapa Kampala, ila situlii. Naanza kula naacha, nakaa nasimama, simu haitoki mkononi. Wenzangu wa kazini wananicheka kwamba nitachimba sakafu kwa kutembea. Sababu ni ile sheria, Papa, na sheria niliitunga mimi.

Unakumbuka ilivyokuwa. Vita vilipofika, Mama na Kaka Bahati walikimbilia Hombo, kwenye duka la Kaka, na wewe ukakataa kuacha shamba. Nikawaambia kwa simu, kwa kiburi cha mtu aliyesoma: kila siku ya soko Papa apande kilimani penye mtandao, apige Hombo, aseme tu kwamba yupo. Masoko matatu yakipita kimya, Kaka anakuwa mkubwa wa nyumba na kuamua yote. Mkakubali kwa sababu niliongea kama mtu anayejua.

Wazo hilo nililitoa kazini kwangu. Tunatunza daftari za hospitali ndani ya mashine kubwa zinazoitwa seva. Ziko mbili, na daftari ni lile lile. Ya kwanza inafanya kazi, ya pili inangoja. Kila sekunde ya kwanza inamwambia mwenzake, "Nipo." Ikinyamaza mara tatu, ya pili inakalia kiti, na wagonjwa hawajui kama kuna kitu kimetokea. Mimi ndiye niliyezipanga hivyo, na nilijisifu sana.

Mwezi uliopita mafundi wa rangi waliivuta waya iliyounganisha zile mbili. Ya kwanza ilikuwa nzima kabisa, Papa. Ilikuwa inasema "Nipo, nipo," ila sauti haikufika. Ya pili ikahesabu mara tatu, ikajifanya mkubwa. Asubuhi nzima hospitali moja ikawa na wakubwa wawili. Huku wanaandika kitanda hiki ni cha mama aliyejifungua, kule wanaandika ni cha mzee wa kifua. Tulikaa siku nne tukilinganisha karatasi kwa mkono, na kuna mgonjwa alikosa dawa yake mpaka jioni.

Mkubwa wangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulimuuliza nani kama ya kwanza imekufa?"

Nikasema sikumuuliza mtu.

Sasa tumeweka mashine ya tatu, ndogo, mbali na zile. Haina daftari lolote. Kazi yake ni ushahidi: ya pili haikalii kiti mpaka shahidi naye akubali. Na hata akikubali, kabla ya ya pili kuanza, ya kwanza inakatiwa umeme, ili isije ikaamka wakawa wawili tena. Siku niliyoandika amri hiyo ya kukata, sikufikiria mashine. Nilikuwa nakufikiria wewe.

Maana masoko matatu yamepita. Jumapili Kaka alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala.

"Furaha, sheria ni yako. Papa hasemi. Tutaweka matanga, halafu nitatia sahihi. Kuko muntu wa Kirolirwe anataka kununua shamba yetu ya kuchungia ng'ombe. Tukikawia, wenye bunduki watalikalia bure."

Nikamwambia mnara wa simu wa upande wenu umechomwa, nimeambiwa na watu waliopita huko.

"Kama ni mnara imekufa ao ni Papa, mimi nitajua namna gani?"

Sisemi kwamba ni mbaya, Papa. Anaogopa tu, na mimi ndiye niliyempa haraka hiyo. Akampa Mama simu.

"Mimi sitavaa kitambaa ya matanga ya muntu mwenye sijaona maiti yake," Mama akasema. "Bwana yangu iko Muheto, anakata majani ya ng'ombe. Ambia kaka yako, ni weye njo anakusikiaka, mimi hapana."

Nikamwambia Kaka kwamba shahidi ni mimi, na shahidi anakataa. Mwisho akasema atangoja mpaka mtu mmoja afike kwako akutafute kwa macho yake, na si zaidi ya hapo.

Mtu huyo ndiye anayekupa barua hii: Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo anayenunua bidhaa hapa. Ataacha lori Goma, apande pikipiki mpaka kwenu. Usihangaike kuandika, najua miwani ilivunjika; hata barua hii atakusomea yeye. Mtukane Kaka Bahati kwa sauti, vile unavyomtukanaga akiacha zizi wazi. Papa Kasereka atayabeba maneno mpaka Hombo, na Kaka atakujua kabla hajamaliza.

Nisalimie Shangazi Neema, jirani yako, kama hajakimbia, na yule katekista anayeazima jembe lako na harudishi.

Papa Kasereka aliniuliza afanye nini asipokukuta. Nimemwambia asinirudishie barua. Aipitishe chini ya mlango, aende Hombo akaseme tu kwamba hukuwa nyumbani. Mtu anaweza kuwa porini na ng'ombe wake. Utakaporudi, utaikuta.

Ni mimi binti yako Furaha, niliyeweka sheria ya masoko matatu, na leo nimeifuta.