Kondoo Niliyemrudisha Mlangoni

Mpendwa Mama Jarso, nakuandikia nikiwa nimechoka, naomba unisaidie kabla sijajaza fomu ya uhamisho.

Mimi ni mwalimu kutoka Machakos, huu ni mwaka wa tisa niko Griftu, mimi na mume wangu Mutinda tunasali katika kanisa dogo la hapa, na kiangazi kilipozidi tuliwashawishi waumini wafungulie kila mtu tangi la maji la kanisa, Muislamu kwa Mkristo, tukisema hiyo ndiyo njia yetu ya kujenga amani, na kweli watu walikuja, mpaka siku ile foleni ikageuka ugomvi na Salah, kaka yake jirani yangu Naimo, akampiga Mutinda fimbo akamvunja mkono. Siku ya tatu, Mutinda akiwa bado hospitalini Wajir, wazee wa ukoo wao wakaja kwangu wakiongozwa na Mzee Abdille, wameleta kondoo, wanasema wamekuja kutoa haal, ndiyo desturi yao ya kuomba radhi, na mimi nikawaambia hapo hapo mlangoni, rudini na kondoo wenu, mimi ni Mkristo, nimeshasamehe bure, sitaki kitu, na Jumapili nikasimama kanisani nikatangaza msamaha wangu, watu wakapiga makofi, nikaona nimefanya jambo kubwa.

Tangu hapo wanawake wa ukoo ule hawaji kwenye tangi, wanakwenda kisimani mwendo wa saa mbili, na Naimo, aliyenishika mkono nilipojifungua, aliyekuwa akiniita abaayo, yaani dada, sasa ananiita mwalimu tu, na nilipomuuliza kosa langu akasema, "Wewe umekataa sisi. Sasa sisi tunangoja nini itatoka kwako." Mama Jarso, nimesamehe nikaonekana adui, miaka tisa imepotea hivi hivi na sina nguvu ya kuanza tena. Nihame?

Mwalimu, Griftu

Mwalimu, pole. Pole kwa mkono wa Mutinda na pole kwa uchovu. Naujua. Mimi ni Mborana na Mkristo, na miaka thelathini sasa kazi yangu ni kuwaeleza hawa habari za wale. Lakini kama ulitaka huruma tupu, umekosa mtu. Ulikosea.

Kwa watu uliokaa nao miaka tisa, aliyeumizwa akikataa haal maana yake ni moja: hataki yaishe, ana lake moyoni. Ndiyo maana Naimo anangoja. Ulipowarudisha wazee mtaa mzima ukiangalia, hawakusikia msamaha, walisikia kwamba hawafai kuingia kwako. Na hao waliokupigia makofi kanisani, nani kati yao alimvunja mtu mkono? Salah hakuwepo.

Halafu niambie, mkono ni wa nani? Barua nzima sijamsikia Mutinda akisema neno.

Unasema wewe ni Mkristo. Yule mama aliyemwosha Yesu miguu kwa machozi, Yesu hakumfukuza eti ameshamsamehe. Alikaa, akaacha aoshwe. Kumpokea anayeomba radhi nayo ni kazi, tena inachosha kuliko kusimama kanisani na kutangaza.

Sasa fanya hivi. Leo kaa na Mutinda umuulize yeye anataka nini. Akikubali, kesho mwende wawili kwa Mzee Abdille, umwambie ulikosea kuwarudisha na unaomba waje tena. Wakija na kondoo, achinje mtu wao ili wote mle, wewe na Naimo mpike pamoja, na wazee wa kanisa lako wawepo. Salah aseme lake mbele ya Mutinda. Usimkatize, na tafadhali usihubiri.

Tangi liache wazi kama kawaida. Fomu ya uhamisho iweke chini ya godoro mpaka siku Naimo atakapokuita abaayo. Siku hiyo ukitaka kuhama, hama. Angalau utakuwa unamuaga dada yako.

Mama Jarso