Gauni Linalomkaa Dada Vizuri Mno

Mshauri wangu, shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa mbele ya cherehani na sweta la shingo ndefu liko mapajani halijakwisha, nalifuma msimu huu wa joto ambapo hata paka anatafuta sakafu ya baridi, na ninachoomba uniambie ni kama nilimalize au niliache, maana mwenye sweta ni dada yangu mkubwa na naogopa nikilimaliza nitakuwa nimemmaliza yeye.

Mimi si fundi, mchana nauza daftari na kalamu kwenye duka la watu, ushonaji ni kitu ninachokipenda tu, nilinunua cherehani ya mtumba na sindano za kufumia nikajifundisha mwenyewe, na ukitaka kuvunjika mbavu waulize nyumbani kwetu: soksi nilizofuma ya kulia iliingia ya kushoto ikagoma kisiginoni, mto niliomshonea mama aliuita gunia, na kofia ya mume wangu analivalisha birika la chai lisipoe, anasema birika halijawahi kupendeza hivyo. Mtu pekee aliyekuwa akivaa vitu vyangu na kutoka navyo mlangoni ni dada. Anafanya kazi mapokezi hotelini, wageni wote wanamwona kuanzia kiunoni kwenda juu, na bado alivaa blauzi yangu yenye bega moja limepanda na jingine limeshuka akaenda nayo kazini, mtu akimtazama sana anamwambia, "Mdogo wangu kanishonea, una neno?" Kwa hiyo dada akiniomba kitu cha sindano na uzi mimi siwezi kukataa.

Mwanzo alileta sketi akasema inampwaya, nimpunguzie kiunoni, nikapunguza, tukacheka, akaniambia ameacha sukari. Baadaye akaleta magauni, halafu sare za kazini, halafu sketi ileile niliyokwisha kuipunguza, na nilipofumua mshono wangu mwenyewe ili niuingize ndani zaidi nikaona mifuko ya pembeni imesogea mpaka inataka kukutana nyuma. Nikamwambia, "Dada, hii si sukari." Akanitazama kwenye kioo. "Wewe shona. Maneno mengi ya nini?"

Nikashona, mshauri. Tena sikuishia kupunguza, nilijiongeza mwenyewe bila kuombwa, nikamwekea pedi za mabega, nikamtilia bitana nzito kifuani na kwenye nyonga, nikarefusha mikono ifunike viwiko, nikajifunza kwa bidii mambo niliyokuwa siyawezi miaka yote, na gauni la buluu likamkaa utadhani amezaliwa nalo. Jumapili moja tulikuwa tunakula kwa mama, mama akaushika mkono wa lile gauni akaupapasa, akamwambia dada, "Leo kweli umenawiri, mwanangu. Nilikuwa nimeanza kuingiwa na wasiwasi." Kisha akanigeukia mimi, "Na wewe hatimaye umejua kushona!" Dada akainamia sahani yake. Mimi nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaomba kuongezewa chakula, na aibu ya siku ile hainitoki.

Sababu ya kumficha mama ni kaka yetu. Aliugua muda mrefu tukamzika mwaka juzi, na mama baada ya mazishi alianguka akalazwa, presha yake haijatulia tangu hapo, na dada anasema mama hawezi kusimama mbele ya kaburi la mtoto mwingine.

Sasa juzi amekuja na madonge ya uzi wa sufu, anataka sweta la shingo ndefu, eti kiyoyozi cha mapokezi kinampiga. Nikachukua futi nikamzungushia shingoni, kidole changu kikagusa kitu kigumu chini ya taya, kigumu kama kokwa. Akanishika mkono, nikadhani anautoa, kumbe anaushikilia ubaki palepale. Akaniambia alishakwenda hospitali peke yake, wakamtaka arudi wakate kipande wakipime, hakurudi na hataki kurudi. "Wakishanipa jina la ugonjwa nitakuwa mgonjwa," alisema. "Sasa hivi nimekonda tu." Akaniapisha kwa marehemu kaka kwamba sitamwambia mama wala mtu mwingine, nami nikaapa huku futi bado iko shingoni mwake.

Tangu hapo nikishika sindano nafuma mistari miwili nafumua mmoja, mume wangu ananiuliza nina nini namwambia ni macho, na kusema kweli nalia mpaka dukani wateja wanadhani nina mafua. Nikisema nimemsaliti dada na huenda nimemwua mama, nikinyamaza namwona dada anaisha, na mimi ndiye mwenye futi mkononi ninayejua ameisha kiasi gani. Niambie la kufanya hata kama litanichoma.

Ni mimi, Mdogo Mtu mwenye Cherehani.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mdogo Mtu. Pole. Pole ya kaka, pole ya dada, na pole ya ule mkono ulioshikiliwa pale shingoni, kwa sababu hapo dada yako alikuambia kila kitu. Mtu anayetaka kuficha uvimbe hajipeleki kupimwa shingo. Angenunua skafu dukani yakaisha. Alikuja kwako kwa sababu alichoka kuujua peke yake, akataka mtu mmoja auguse, na mtu huyo ni wewe.

Pole imeisha, sasa tusemezane. Unajiita mtu asiyejua kushona, na hapohapo umemshonea mgonjwa mwili mzima wa uongo. Gauni likimpwaya mtu, mama yake ndiye wa kwanza kushtuka. Mama yenu alishaanza kushtuka, alitamka mwenyewe mezani, na wewe ukamtuliza kwa bitana na pedi za mabega. Mmempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, halafu ukaongezewa chakula! Kuipenda sifa sikulaumu sana, umechekwa miaka mingi. Lakini sifa ile imekula muda wa dada yako, na muda wenyewe hatujui umebaki kiasi gani.

Kiapo usiniletee. Uliapa kutunza siri, hukuapa kumsindikiza dada kaburini, na kaka yenu angekuwepo angekuwa wa kwanza kumkamata mkono ampeleke hospitali. Sweta nalo liache hapo lilipo, usilimalize na usipoteze muda kulifumua.

Kesho omba ruhusa dukani. Nenda kwa dada kabla hajatoka kwenda kazini, bila futi na bila sindano, umwambie hivi: "Dada, sipunguzi tena nguo yako hata moja. Twende wakakupime, mimi nitakuwepo." Atakuletea yale maneno yake ya jina la ugonjwa. Mjibu kwamba ugonjwa haukumsubiri apate jina, umeshampunguza mara kadhaa na wewe ndiye uliyekuwa ukishona. Mimi si daktari. Huenda ni kitu cha kutibika, huenda ni kibaya, na sitakudanganya kwamba hamjachelewa. Hilo mtaambiwa na kipimo.

Akikataa, mpe mpaka Jumapili mtakapokuwa kwa mama. Mwambie waziwazi kwamba asiposema yeye utasema wewe, tena yeye akiwepo, usimtete nyuma ya mgongo wake. Leo hii mwambie mume wako, uache kumsingizia macho, maana siku hiyo utahitaji mtu wa kukushika. Hakikisha mama ameshameza dawa zake na amekaa. Atalia sana, pengine atalazwa tena. Lakini yule mama ameshauguza mtoto, anaijua hospitali kuliko nyote, na kumfanya mtu asiyeweza kuambiwa kitu ni kumdharau. Kibaya zaidi ni kwamba siku moja atakuuliza kama ulikuwa unajua, na utalazimika kumjibu.

Dada naye atakununia, jiandae. Atakuita msaliti, pengine asikuongeleshe muda mrefu. Mwache anune. Anune akiwa kwenye benchi la hospitali, na wewe umekaa pembeni yake.