Mzigo wa Kuni kwa Bibi Monika

Mama,

Shikamoo. Alizeti tumevuna bila wewe, na yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha. Lakini sikuandikii kwa ajili ya hayo. Nimekosa, Mama, na kosa lenyewe nimelifanya kwa daftari lako.

Ulipofariki, mwenyekiti wa kijiji aliniomba nishike nafasi yako ya ukatibu wa baraza. Nikarudi kijijini kutoka Mandewa, nikafungua lile daftari lako la makosa ya vijana, nikaendelea ulipoishia. Unanijua nilivyo, mtu wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Kuku akiibwa, naandika. Watoto wakipigana kisimani, naandika. Dirisha la shule likivunjwa, naandika na tarehe.

Kwenye mkutano wa kijiji wakaniuliza hali ya vijana ikoje. Nikasimama na daftari. Miaka yako yote kurasa chache, miezi yangu michache kurasa tele. Nikasema, tena kwa kujiamini, kwamba vijana wa siku hizi wameharibika. Watu wakapandwa na hasira. Wakaamua kuwa atakayefuata asisamehewe, apelekwe polisi moja kwa moja.

Aliyefuata alikuwa Elia, mjukuu wa jirani yetu Bibi Monika. Ana miaka kumi na minne. Alichukua simu ya fundi baiskeli. Asubuhi waliyompeleka alikuwa amevaa sweta la shule, na aliponipita alinisalimia, Mama. Aliniambia shikamoo.

Bibi Monika hakupiga kelele. Alikuja, akakaa kwenye kigoda chako, akaniuliza, "Mwanangu, hukumwambia apeleke kuni kwanza?"

Hapo nikakumbuka. Nilipoiba asali ya Mzee Shabani, nikiwa mdogo, ulinituma porini nikate kuni nimpelekee mwenyewe. Nilibeba mzigo ule hadi shingo ikauma. Miaka yote hii nilidhani ile ilikuwa adhabu yangu mimi tu. Kumbe uliwatuma wote. Bibi Monika ananiambia ulikuwa ukisema, "Zikipokelewa, mimi sina cha kuandika." Daftari lako lilikuwa na wale tu ambao kuni zao zilikataliwa. Nimelitafuta jina langu kurasa zote, halimo. Kama vijana wamezidi kuharibika, sijui, Mama. Ninachojua ni kwamba mimi niliandika yale ambayo wewe uliyamaliza mlangoni kwa watu.

Nimeshasimama mkutanoni nikayasema haya, na wengine wamenicheka. Fundi baiskeli amekubali kupokea kuni za Elia, na Jumatatu tunakwenda naye mjini kuomba mtoto arudishwe. Sina hakika kama watatusikiliza. Naogopa pia kwamba akirudi hatanisalimia tena.

Leo asubuhi nilichukua panga lako nikaenda porini. Nimekata kuni, nimezibeba kichwani mpaka kwa Bibi Monika, nimezitua mlangoni pake. Alizitazama, akaingia ndani. Mpaka sasa ziko palepale nje.

Pumzika, Mama. Nakuahidi, hakuna mtoto nitakayemwandika kabla hajabeba kuni. Na Bibi Monika asipozipokea hizi, jina la kwanza kwenye ukurasa mpya litakuwa langu.

Mwanao,
Rehema