Matumbawe ya Bwana Henrik na Mandazi ya Koboko

Jumamosi, 5 Agosti 1995

Nimepima. Tisa. Nimetia kijiko cha unga mweupe kwenye mtungi, nikakoroga, nikamwaga polepole ndani ya tangi, karibu na pampu. Matumbawe yote yamefunguka. Lile la zambarau linapunga vidole kama mtoto anayeaga.

Naandika utaratibu ili nisijichanganye. Maji ya tangi kwenye kichupa, matone ya dawa, naongeza moja moja hadi bluu igeuke manjano. Idadi ya matone ndiyo kiwango cha ualkali, yaani nguvu ya maji dhidi ya tindikali. Bwana Henrik anataka tisa. Nane inavumilika. Kumi na moja ndiyo mwisho. Chini ya saba matumbawe hukosa kitu cha kujengea mifupa, hujikunja, kisha hufa. Kwa hiyo unga kila siku, maana kila siku yanakula.

Bwana Henrik huchimba visima. Yuko kwao Ulaya hadi tarehe 14. Mama humfulia nguo, na mimi huazima vitabu vyake. Angeweza kumwachia tangi mwalimu wangu wa kemia. Aliniachia mimi. Yakifa, yatakuwa yamefia mikononi mwangu, na mji mzima wa Arua hauna mengine.

Mpishi wake, Mzee Swali, aliwahi kupikia jeshi na haamini chochote asichoweza kukaanga. Leo amesimama nyuma yangu muda mrefu. "Mutoto, hii mawe iko nakula stima ya jenereta, iko nakula unga. Itazaa lini?"

 Jibu huwa nalipata baadaye, nikifika nyumbani.

Jumatatu, 7 Agosti

Tisa. Mzee Swali amekwenda Koboko. Binti yake anaolewa Ijumaa. Ameniaga mimi, hakuyaaga matumbawe.

Nyumba tupu ni tamu. Nimesoma sura nzima juu ya chokaa.

Jumanne, 8 Agosti

Nane. Kopo la unga halipo.

Nimetafuta kabatini, jikoni, chini ya kitanda cha Bwana Henrik (aibu). Halipo. Nimetafuta tena kwenye kabati lile lile kana kwamba linaweza kuona huruma.

Jioni nikamwambia Mama. Akasema, bila kuacha kupepeta mtama, kwamba jana Mzee Swali alipita hapa na kopo kwapani, akijisifu kuwa mandazi ya arusi yataumuliwa kwa unga wa Ulaya. Mama alijua tangu jana. Alidhani ni vizuri.

Jumatano, 9 Agosti

Saba. Lile la zambarau limekunja nusu ya vidole.

Kitabu kinasema unga ule si dawa ya ajabu. Ni soda ya kuokea tu. Nimefurahi mno. Nikaenda dukani, nikasimama nyuma ya wateja wote hadi wakaisha, nikaonyesha kwa kidole. Nikanunua kopo lenye picha ya keki. Nikatia vijiko viwili moja kwa moja kwenye tangi, bila mtungi, kwa sababu ya furaha.

Tangi likatoa povu. Povu jingi, jeupe, likapanda hadi kwenye kifuniko na kumwagika kwenye zulia. Nililiondoa kwa bakuli, huku naomba radhi. Sijui nilikuwa namwomba nani, povu au matumbawe.

Nimesoma maandishi ya kopo baada ya kupiga deki. Ni pauda ya keki. Ndani kuna soda, kweli, lakini pia kuna tindikali na wanga. Nimewalisha tindikali viumbe wanaoogopa tindikali. Mimi ni mjinga mwenye vitabu.

Alhamisi, 10 Agosti

Asubuhi: sita. Yote yamejikunja. Yanafanana na mawe, kama anavyosema Mzee Swali.

Nimezunguka maduka matano na kuuliza kwa mdomo. Mara tano. Pauda ya keki, pauda ya keki. Soda tupu hakuna. Basi soda iliyobaki iko Koboko, kama imebaki. Mama akanipa nauli na kuniangalia kama mgonjwa. Sijawahi kuomba kwenda mahali penye watu.

Nilifika adhuhuri. Nyumba ya arusi unaisikia kabla ya kuiona. Wanawake uani, masufuria ya kutosha kuogeshea ng'ombe, mlima wa mandazi juu ya mkeka. Yamefura kama mito. Nilielewa papo hapo unga umekwenda wapi.

Mzee Swali alinipokea kama mjumbe wa serikali. "Huyu ndiye mutoto ya shule, nachunga mawe ya Muzungu." Nikaulizia kopo, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Akainama anisikie. Nikauliza tena. Akaonyesha upande wa maharage.

Dada yake, Mama Zamu, mwanamke mpana mwenye kanga mbili, alikuwa amesimama juu ya sufuria la maharage huku ameliinamisha kopo langu. Soda hulainisha maharage haraka.

Nilipiga kelele. "Mama, usimwage."

Ua wote ukanigeukia. Hata mtoto aliyekuwa analia aligeuka. Nikalazimika kueleza, mbele ya wanawake thelathini, kwamba Arua kuna wanyama wanaofanana na mawe, kwamba mifupa yao inajengwa na unga ule, kwamba wamefikia sita na wanakufa. Nilitaja hata matone.

"Sita ni mbaya?" Mama Zamu akauliza.

"Mbaya sana, mama."

"Mzuri ni ngapi?"

"Tisa."

Akatazama ndani ya kopo, akatazama maharage. "Swali, wewe umeiba chakula ya mugonjwa." Wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Mzee Swali hakucheka. Alisema yeye aliazima.

Waliifunga iliyobaki kwenye mfuko wa sukari. Vijiko vinane. Hawakuniruhusu kuondoka bila kula. Nimekula mandazi matatu. Ni laini kuliko yote niliyowahi kula, na kila tonge lilinihukumu.

Nimerudi jioni. Kijiko kimoja, kwenye mtungi, polepole. Kitabu kinasema usipandishe zaidi ya nambari moja kwa siku. Nilitii.

Ijumaa, 11 Agosti

Saba. Bado yamejikunja. Sina hamu ya kula.

Jumamosi, 12 Agosti

Nane. Kidole kimoja cha lile la zambarau kimekunjuka. Kimoja tu. Nimekikodolea macho hadi maji ya chai yakakauka jikoni.

Jumatatu, 14 Agosti

Bwana Henrik amerudi. Mzee Swali pia, asubuhi hiyo hiyo, kanzu bado ina mikunjo ya arusi.

Bwana Henrik alikwenda kwenye tangi kabla ya kuweka mfuko chini. Akapima mwenyewe. Nilisimama mlangoni, nikayahesabu matone kwa midomo. Tisa. Akauliza kwa nini zulia lina doa na kopo liko wapi.

Nikamweleza yote. Povu pia. Sauti yangu ilifika mwisho bila kukatika.

Mzee Swali akavua kofia. "Bwana, ilikuwa arusi."

Bwana Henrik alilitazama tena lile doa. Kisha akauliza kama mandazi yaliumuka vizuri.

"Sana," nikasema.

Ameniazima kitabu kingine, kinene, cha konokono. Nimerudi kwa miguu wakati watu wanafunga maduka. Nimekoka moto, nimemsaidia Mama kuchambua mboga. Leo amepima Bwana Henrik. Mimi sina nambari ya kuandika.